Nilivyochangisha fedha za chuo cha umma, na ushauri nilioutupa kapuni

Waambie watu kwamba kazi yako ni kuchangishia chuo kikuu cha umma, uone kila mmoja anavyogeuka mtaalamu. "Tafuta bilionea mmoja tu, umemaliza." "Andaa dhifa, watu wavae suti." Na lile linalonichosha kuliko yote: "Chuo cha serikali si kina bajeti yake? Tuchange ya nini?" Nimekaa kwenye wakfu wa chuo, yaani chombo kinachokusanya na kutunza michango yake, muda wa kutosha kuota mvi, na kama ningeufuata ushauri huo hata robo, ofisi yetu ingeshafungwa.

Hilo la bajeti nilikuwa nalijibu kwa hotuba ndefu. Siku hizi nauliza tu: fedha ya serikali isiyotumika, mwaka wa fedha ukiisha huwa inakwenda wapi? Aliyewahi kukaa ofisi ya umma anacheka, kwa sababu anajua mara nyingi inarudi hazina. Sasa utawekaje humo fedha ya kusomeshea watoto ambao hawajazaliwa? Ndiyo maana wakfu husajiliwa pembeni ya chuo, ukawa na bodi yake ya wadhamini, akaunti zake na mkaguzi wake wa hesabu. Wala si jambo jipya. Chuo Kikuu cha Kansas, kule Marekani, kilipata wakfu wake mwaka 1891, na ndio unaohesabiwa wa kwanza wa aina yake kwa chuo cha umma nchini humo. Aliyetoa fedha ya maktaba anataka kulala akijua haitaishia kwenye mafuta ya magari ya utawala.

Sasa nije kwa mshauri mmoja aliyeletwa kutufundisha kuchangisha. Bodi ilimlipa vizuri, sitasema ngapi, nisije nikapandisha presha bure. Maono yake yalikuwa haya: barua moja, karatasi ya kung'aa, iende kwa wahitimu wote kwa mpigo. Ukurasa wa mbele jengo la utawala, mbele yake makamu mkuu wa chuo anatabasamu, na chini maneno "Mpendwa Mhitimu". Nilisema mapema kwamba rejista yetu ya anwani ni ya enzi na enzi. Nikaambiwa nina fikra hasi.

Barua zikaenda. Kwanza zikaanza kurudi, magunia kwa magunia. Kisha simu. Mama mmoja alitaka kujua kwa nini tunamwomba mchango marehemu mumewe, ambaye chuo hichohicho kilileta shada kwenye mazishi yake. Lakini iliyonifurahisha, Mungu anisamehe, ni ile iliyorudishwa na profesa wetu mwenyewe, ambaye ofisi yake inatazamana na yetu ng'ambo ya bustani. Alikuwa ameisahihisha kwa wino mwekundu kuanzia juu hadi chini, akazungushia "Mpendwa Mhitimu" na kuandika pembeni: "Nani huyu?" Kisha akaipa alama, tena si za kufaulu. Zilizopatikana hazikurudisha hata fedha za stempu. Mshauri akaandika kwenye ripoti kwamba "tumejenga uelewa", akachukua cheki yake, akaondoka.

Baada ya hapo wakaniachia. Tulisafisha rejista, kazi ya kuchosha isiyo na hadithi. Halafu tukaajiri wanafunzi wa kupiga simu, kila mmoja akiwapigia wahitimu wa kozi yake mwenyewe, na sharti moja: simu ya kwanza, neno "mchango" ni marufuku. Mjumbe mmoja wa bodi aliniuliza kwa upole kama nimechanganyikiwa.

Nilikuwa nimekaa pembeni ya binti mmoja wa uhandisi siku alipompigia mzee fulani.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Haya, mnataka ngapi?"

"Hatutaki kitu, mzee. Nasoma uhandisi wa ujenzi, mwaka wa pili. Nimeona jina lako kwenye daftari la maabara."

"Maabara ipi? Ile yenye mashine ya kuvunjia zege?"

"Ndiyo hiyo. Mkono wake umepinda, tunaufunga kwa waya."

"Mwanangu! Na sisi tulikuwa tunaufunga kwa waya!"

Walizungumza mpaka mwenzake akaanza kuidai simu. Mzee alimwambia neno ambalo nimelibandika ukutani: "Ninyi huwa mnanikumbuka mkiwa na njaa tu." Miezi ikapita, akapiga mwenyewe. Akalipia mashine mpya, sharti lake likiwa ile ya zamani isiuzwe chuma chakavu kabla hajaja kuiaga.

Ukitaka kuona watu wazima wakirudi utotoni, shindanisha vitivo. Tulikuwa na mfadhili aliyetaka kutoa kimyakimya. Nikamsihi asitoe kwanza! Nilimwomba aahidi kwamba atafungua mfuko wake kitivo kitakapofikisha idadi fulani ya wachangaji: idadi ya watu, si ukubwa wa fedha. Hapo aliyetoa kidogo kabisa anahesabika sawa na tajiri. Wanasheria walipopitwa na wahandisi, wakili mmoja wa kuheshimika alinipigia usiku kuuliza kama hesabu "imehakikiwa na mtu huru". Mbinu ya fedha kuita fedha ina umri wake. Kampuni ya General Electric ya Marekani ilianza mwaka 1954 kuongezea michango ya wafanyakazi wake kwa vyuo walivyosoma. Kwa hiyo kila anayetoa, muulize kama mwajiri wake ana utaratibu huo. Wengi hata hawajui kama upo.

Na usitangaze kampeni kubwa siku ya kwanza. Bodi ilitaka waandishi wa habari, nikakataa katakata. Kwanza unazunguka kimya kwa wadhamini wenyewe na marafiki wa karibu, ukishafika nusu ya lengo au zaidi ndipo unapiga ngoma. Mdhamini asiyetaka kutoa hata senti yake, atamwomba nani?

Kuna fedha pia za kukataa. Mmoja alikuja na hundi nono na jina la mpwa wake aliyetaka aingizwe udaktari. Nilimmiminia chai, tukazungumza habari za mvua, akaondoka na hundi yake.

Mchezo wote uko kwenye hati ya mchango. Tulirithi mfuko wa kudumu ulioachwa na mama mmoja, wa kusomesha wanafunzi wa hati mkato (yale maandishi ya haraka ya makatibu) na upigaji chapa, "na kwa madhumuni hayo tu". Kozi ilikufa zamani, mfuko ukaendelea kunenepa bila mtu wa kuula. Mfuko wa namna hiyo mtaji wake hauguswi. Unawekezwa, na vyuo vingi hutumia asilimia 4 au 5 hivi kwa mwaka, yaani kwenye milioni mia unapata milioni nne au tano, miaka nenda miaka rudi. Mhasibu wetu alipendekeza tuihamishe fedha kimyakimya, "mama wa watu ameshafariki, nani atajua?" Nikamwambia atajua mkaguzi, na baada yake atajua kila mtu. Tulimtafuta binti wa marehemu, naye alicheka mpaka akakaa chini: "Mama mwenyewe alinunua kompyuta kabla ya chuo chenu!" Akatuandikia barua, mwanasheria akaipeleka mahakamani, na jaji akaruhusu fedha isomeshe wanafunzi wa uhazili wa kisasa, kwa kuwa ndiyo iliyokaribiana zaidi na nia ya mama. Tangu hapo hakuna hati inayotoka kwangu bila sentensi moja: kozi ikifutwa, wadhamini watatumia fedha kwa kusudi linalokaribiana nayo. Wapo wanaonuna kuisoma, kana kwamba nawatabiria msiba. Nawasimulia habari ya hati mkato, wanatia sahihi.

Shukrani zisichelewe kupita siku mbili tatu, na aandike mwanafunzi aliyesaidiwa, kwa mkono wake, hata mwandiko ukiwa wa kuku. Na mtu akikuuliza wakfu unakata kiasi gani kwa uendeshaji, mtajie asilimia palepale, usianze "inategemea". Mmoja nilipomtajia alinyamaza kidogo, akasema chama kingine anachokichangia amekiuliza swali hilohilo na bado anasubiri jibu. Kisha akaomba namba ya akaunti.