Kabla hujaweka dole gumba

Mgonjwa wa sukari, presha au selimundu aliyetoka Bahi au Chamwino na basi la alfajiri kuja kliniki Dodoma mjini anaweza kufuatwa na mtu wa utafiti akiwa bado kwenye foleni ya dawa. Anaombwa damu kidogo na sahihi. Wengi huhofia damu: inakwenda wapi, inauzwa? Swali ni halali, na jibu lake liwe ndani ya fomu ya ridhaa: kiasi (mililita 5 ni kijiko kimoja cha chai), vipimo gani, itatunzwa miaka mingapi, itavuka mpaka au la.

Tafuta namba ya kibali cha maadili. Kile cha NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa, huanza na NIMR/HQ/R.8a. Jaribio la dawa linahitaji pia kibali cha TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba. Barua ya mganga mkuu wa wilaya haitoshi. Hiyo ni ruhusa ya kuingia eneo tu. Nakala moja ya fomu ni yako, uondoke nayo. Asiyejua kusoma awe na shahidi asiye mtu wa utafiti, na kama mzee anasikia Kigogo tu, kumsomea Kiswahili haraka haraka kisha kumshika kidole si ridhaa. Namna nzuri ya kupima: aeleze yeye mwenyewe alichoelewa. Akisema "daktari ananipa dawa mpya nzuri", hajaelewa, maana dawa ingekuwa imeshajulikana kuwa nzuri isingefanyiwa jaribio.

Hayo ya karatasi yana mwisho. Penye utata zaidi ni matokeo.

Uingereza kulikuwa na jaribio la PACE, wagonjwa 641 wa uchovu sugu, lililotangazwa mwaka 2011. Kuingia, ulitakiwa uwe na alama 65 au pungufu kati ya 100 za uwezo wa mwili. Mpango wa mwanzo ulisema aliyepona awe na 85 au zaidi. Makala ya mwaka 2013 kuhusu waliopona ikatumia 60. Yaani mtu angeingia na 65, akashuka hadi 60, na kwa kigezo hicho akahesabika amefuzu! Vigezo vilikuwa zaidi ya kimoja, lakini kadhaa vililegezwa. Makundi ya tiba ya mazungumzo na ya mazoezi ya kuongeza taratibu yakapewa asilimia 22 ya kupona. Wagonjwa walidai takwimu, mwaka 2016 baraza la rufaa likaamuru zitolewe, na hesabu iliyofuata mpango wa awali ikatoa chini ya asilimia 10. Mwaka 2021 NICE, chombo kinachotoa miongozo ya tiba huko, kiliacha kupendekeza mazoezi hayo.

Ndiyo maana tarehe ya kusajili jaribio ina thamani kuliko picha za tabasamu kwenye bango. Majaribio mengi ya Afrika husajiliwa kwenye daftari la wazi la majaribio ya bara hili, kwa namba inayoanza na PACTR. Humo utaona kipimo kikuu kilikuwa nini kabla mgonjwa wa kwanza hajaingia.

Kisha uliza walioishia njiani. Tuseme watu 100 wenye sukari wameanza Novemba. Mvua ikishika Desemba, wengine wanabaki shambani. Kliniki inaona 60 tu. Sukari imeshuka kwa 45. Tangazo litasema asilimia 75, lakini kati ya walioanza ni asilimia 45, na aliyeacha kwa sababu dawa ilimharisha hayumo popote. (Kikombe cha dawa cha Babu wa Loliondo, kijijini Samunge, cha shilingi 500, mwaka 2011, nacho tulisimuliwa na waliorudi.) Isitoshe, mtu huandikishwa sukari ikiwa juu kabisa, ingeweza kushuka kidogo hata bila dawa. Kwa hiyo bila kundi la kulinganisha, lililochaguliwa kwa bahati nasibu, kushuka huko hakutuambii kitu. Na kwa sukari, kipimo cha kudai ni kile kinachoonyesha wastani wa miezi mitatu (HbA1c), si cha kidole asubuhi moja.

Bado swali linalosahaulika kuliko yote: jaribio likiisha na dawa imenifaa, nitaipata wapi, kwa bei gani? Jibu liandikwe kwenye fomu, pamoja na namba ya simu ya kamati ya maadili, siyo ya mtafiti peke yake. Likikosekana, kataa, dawa zako za kawaida za kliniki hazitakiwi kukatwa kwa sababu hiyo.