Ukurasa wa 57

Mwalimu hakunikaripia. Alivuta kitabu kwenye rafu iliyokuwa nyuma yake, akakiweka mezani na kukisogeza upande wangu.

"Kwenye insha yako umeandika ukurasa wa 57. Hebu fungua tusome wote."

Kitabu chenyewe ndiyo kwanza nakiona. Jina lake nililijua, la mwandishi nililijua, hata mwaka wa kuchapwa, kwa sababu vyote hivyo nilivitoa kwenye orodha ya marejeleo ya makala ya mtu mwingine. Nikafungua, mikono inatetemeka. Ukurasa wa 57 ulihusu magazeti ya wamisionari. Mkutano wa Mombasa nilioueleza kwa aya nzima haukutajwa hata mara moja.

Nilikuwa mwaka wa pili, chuo kimoja cha Dar es Salaam. Asaimenti ilitutaka tueleze jinsi lahaja ya Kiunguja ilivyoteuliwa kuwa msingi wa Kiswahili Sanifu. Ilikuwa na alama 15 katika zile 40 za kabla ya mtihani wa mwisho, na tulipewa wiki tatu. Zangu zilikwisha sijui vipi. Boom, yaani hela ya mkopo ya kujikimu, ilichelewa, kukawa na testi mbili zilizofuatana, na kila nilipoikumbuka ile insha nilijiambia mambo ya Kiswahili nitayaandika usiku mmoja tu. Zilipobaki siku mbili nikaenda steshenari ya nje ya geti, nikalipia saa mbili za intaneti, nikapata makala ya Kiingereza iliyojibu swali letu karibu lote. Nikaichapisha, nikakaa nayo chumbani na kamusi, nikaitafsiri aya kwa aya mpaka adhana ya alfajiri.

Nililifanyia kazi kweli jambo lile, na ndiyo maana sikujiona mwizi. Niliyekuwa nikilala naye chumba kimoja alinihakikishia kwamba programu ya kukagua insha haiwezi kunikamata. Kwa wakati ule alisema kweli, maana programu ililinganisha mfuatano wa maneno yako na yale yaliyomo katika kurasa za mtandao na kazi za wanafunzi zilizohifadhiwa, na maneno yangu ya Kiswahili hayakuwa na pa kufanana na yale ya Kiingereza. Asilimia yangu ilitoka ndogo. Wenzangu walionukuu kwa haki, wakafunga na kufungua alama za mtajo, walitoka na asilimia kubwa kuliko mimi.

Mwalimu hakuwa na haja ya programu. Alikuwa amepiga mstari chini ya sentensi moja: "Mkutano huo ulichukua nafasi Mombasa mwaka 1930."

"Wewe kwenu wapi?" akaniuliza.

"Pangani, Mwalimu."

"Pangani mkutano huchukua nafasi?"

Nikanyamaza. Kwetu mkutano hufanyika, na hakuna mtoto wa Pangani asiyelijua hilo; "kuchukua nafasi" ni Kiingereza, "take place", kilichotafsiriwa neno kwa neno. Kisha akanionyesha mwaka. Mkutano wa Mombasa ulioteua Kiunguja ulikuwa wa 1928. Mwaka 1930 ndipo ilipoanza kazi Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki. Yule aliyeandika makala alichanganya mambo mawili, nami nikambebea kosa lake na kulitia sahihi yangu, kisha nikalipachika kwenye kitabu ambacho hakikulisema.

"Kutafsiri bila kusema umetafsiri ni kunakili," akasema. "Lakini hili la kutaja kitabu usichokifungua linaniuma zaidi. Msomaji akikuamini, umempoteza."

Akanipa sifuri. Angeweza kunipeleka kwenye kamati ya nidhamu, na wapo waliosimamishwa masomo kwa makosa ya namna hiyo. Badala yake alinipa siku kumi niandike upya, kwa alama zisizozidi nusu. Akaniuliza kwa nini sikumwendea kuomba muda wakati boom imechelewa. Sikuwa nimewahi kufikiri kwamba mwanafunzi anaweza kuomba. Wengi wetu hatukujua, na naamini insha nyingi za wizi huandikwa na watu waliochelewa kuliko watu waovu.

Kuna jambo jingine ambalo nimelifikiria miaka yote hii. Shuleni, mpaka kidato cha sita, nilisifiwa kwa kuimeza notisi ya mwalimu na kuitapika kama ilivyo. Aliyebadilisha maneno ndiye aliyekatwa alama. Halafu unaingia chuo, kile kile ulichopongezwa nacho kinaitwa udanganyifu, na hakuna anayekuketisha akuonyeshe mpaka uko wapi. Nililazimika kukosea ndipo nikaonyeshwa.

Aliniagiza ninunue kaunta buku. Upande wa kushoto niandike maneno ya mwandishi vilevile, ndani ya alama za mtajo, na namba ya ukurasa papo hapo, si baadaye. Kisha nifunge kitabu, na upande wa kulia nieleze nilichoelewa kama ninavyomweleza mtu wa nyumbani. Nikishindwa kueleza, nimeshindwa kuelewa, nirudi kusoma. Na hata maneno yakiwa yangu, wazo likiwa la mtu nimtaje.

Nikashinda maktaba siku nne. Nikakuta ugomvi ambao makala ile iliupitia kwa mstari mmoja: wamisionari wa Mombasa, tangu enzi za Krapf, wakikipigania Kimvita, lahaja ya Mombasa yenye utajiri wa ushairi, na wale wa Unguja, walioanza na kazi ya Askofu Steere, wakikishikilia Kiunguja. Nikajikuta nawaza lahaja ambazo hazikuwa na wa kuzitetea. Nikamkumbuka bibi yangu, na jinsi maneno niliyoyapata kwake yalivyokuwa yakipigwa mstari mwekundu katika insha zangu za darasa la tano. Jumapili nikampigia simu, tukazungumza mpaka vocha ikaisha, na mazungumzo yale nikayafanya aya yangu ya mwisho.

Nilipopeleka kazi, Mwalimu alichagua marejeo matatu bila mpango, akayafungua rafuni mwake moja moja. Kila ukurasa ulisema nilichosema. Akasoma mpaka mwisho, akasimama kwenye aya ya Bibi.

"Hii umeitoa wapi?"

"Kwa bibi yangu, Mwalimu. Nilimpigia."

"Mbona hayumo kwenye marejeleo?"

Nikamwambia sikudhani mtu ambaye hajaandika kitabu anaweza kuwekwa pale.

"Mwandike," akasema, akanipa kalamu yake. "Jina lake kamili, mahali alipo, na tarehe mliyozungumza."

Nikaandika nikiwa nimesimama, chini kabisa ya orodha.