Nusu ya Uso Chini ya Taa: Uzoefu Wangu wa Mwanga wa Infraredi

Kazi ya ugani imenizungusha kwa gari katika barabara za Kilimanjaro na Arusha kwa sehemu kubwa ya maisha yangu ya utu uzima, na kwa kuwa usukani wetu uko kulia, shavu linalopigwa na jua la dirishani ni la kulia. Nilipovuka miaka hamsini, tofauti ya mashavu yangu haikufichika tena. Upande wa kushoto ulikuwa na makunyanzi ya kawaida ya umri, ilhali upande wa kulia mistari ya pembeni mwa jicho ilikuwa imeingia ndani na kuteremka hadi shavuni, na juu ya mfupa wa shavu palikuwa na weusi ambao poda ilishindwa kuufunika. Hali hiyo si ngeni kwa madaktari: mwaka 2012 jarida moja la tiba la Marekani lilichapisha picha ya dereva wa lori mwenye umri wa miaka 69, aliyekuwa barabarani kwa miaka 28, ambaye nusu ya uso wake iliyoelekea dirishani ilikuwa imezeeka kuliko nusu ya pili kwa kiasi cha kushangaza. Kioo cha mbele cha gari kina matabaka yaliyobanwa pamoja na huzuia karibu mionzi yote ya urujuanimno, lakini vioo vingi vya pembeni hupitisha sehemu kubwa ya mionzi ya aina ya A, ambayo haiunguzi ngozi upesi bali hupenya chini na kuharibu kolajeni, yaani nyuzi zinazoifanya ngozi isimame imara.

Mdogo wangu anayeishi Ujerumani alipokuja likizo aliniletea barakoa ya silikoni iliyojaa vijitaa vya LED vinavyotoa mwanga mwekundu na wa infraredi, yaani mwanga ulio nje kidogo ya wekundu ambao jicho halioni vizuri, akanihakikishia kwamba wenzake kazini wanaitumia kupunguza makunyanzi. Sikuivaa siku hiyo. Mimi ni mtu wa mashamba ya majaribio, na dawa yoyote mpya naiuliza kwanza inafanya kazi kwa njia gani na kwa kipimo gani.

Njia yenyewe inaeleweka. Mwaka 1967 daktari Endre Mester wa Budapest, Hungaria, aliwamulika panya walionyolewa kwa leza dhaifu, akaona manyoya yao yanarudi haraka kuliko ya wale ambao hawakumulikwa. Utafiti wa tiba hii ya mwanga ulianzia hapo. Maelezo yanayokubaliwa na wengi leo ni kwamba mwanga mwekundu wa takribani nanomita 630 hadi 660, na ule wa infraredi ya karibu wa takribani nanomita 810 hadi 850, hufyonzwa na kimeng'enya kilichomo ndani ya mitokondria, yaani vijisehemu vinavyozalisha nishati ya seli, seli zikapata nguvu zaidi, na zile zinazotengeneza kolajeni zikaongeza kazi. Kwa hiyo kinachotafutwa hapa ni mwanga wa urefu fulani wa mawimbi kwa kiasi kidogo, wala si joto.

Nalisisitiza jambo la joto kwa sababu jirani yangu mfugaji, kwa nia njema kabisa, aliniambia nisihangaike na vitu vya Ulaya wakati yeye ana taa nyekundu ya vifaranga ya wati 250 ambayo nayo inatoa infraredi. Ni kweli inatoa, lakini karibu yote huishia kuwa joto. Ngozi inayopashwa joto mara kwa mara, kama miguu ya mtu anayekaa karibu na moto kila jioni, hujichora madoa ya kahawia yanayofanana na wavu, na watafiti wa Ujerumani wameonyesha kwamba infraredi nyingi huamsha kimeng'enya kinachokatakata kolajeni ile ile tunayotaka kuiokoa. Taa ya vifaranga ibaki bandani.

Nilipeleka barakoa pamoja na karatasi yake ya maelekezo kwa daktari wa ngozi mjini Moshi, mji ambao tangu mwaka 1992 una kituo cha kufundishia madaktari wa ngozi wa ukanda wetu pale katika hospitali ya KCMC. Daktari hakuicheka. "Mama, hiki si kiini macho, lakini usitarajie uso wa binti yako," alisema. Aliniuliza kama nina ugonjwa wa lupasi, ambamo kinga ya mwili huushambulia mwili wenyewe, kama natumia dawa zinazoifanya ngozi idhurike kirahisi na mwanga, kama nina tatizo la retina, yaani utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, na kama nimewahi kutumia mkorogo. Kisha akaugusa ule weusi wa shavuni na kunionya kuwa ngozi zetu, kwa melanini iliyomo, yaani rangi yake ya asili, hufyonza mwanga unaoonekana kwa wingi zaidi na hujibu kwa kuongeza rangi upesi. Akanitajia majaribio ya usalama ya Marekani ambamo watu wenye ngozi yenye rangi walistahimili mwanga mwekundu hadi jouli 320 kwa sentimita moja ya mraba, huku Wazungu wakifika 480. Barakoa za nyumbani haziukaribii kabisa mpaka huo, lakini ushauri wake wa kuanza chini nikauchukua.

Kipimo ni hesabu ya darasani. Karatasi ilisema barakoa hutoa miliwati 30 kwa kila sentimita ya mraba. Ukizidisha kwa sekunde 600, yaani dakika kumi, unapata milijouli 18,000, yaani jouli 18 kwa kila sentimita ya mraba. Nilianza na nusu ya muda huo, mara chache kwa wiki, nikipanda taratibu huku nikiuangalia ule weusi. Kuzidisha hakusaidii, kwa maana seli zikishapata kiasi chake, mwanga wa ziada hupunguza faida badala ya kuiongeza.

Kabla ya hapo nilitaka kujua kama infraredi yenyewe imo, kwa kuwa jicho halioni sawasawa mawimbi ya nanomita 830 na muuzaji anaweza kukuuzia taa nyekundu tupu. Nilizima taa ya chumbani, nikawasha barakoa na kuitazama kupitia kamera ya mbele ya simu. Vijitaa vilivyoonekana kwa macho kuwa vimezimika, au vyenye wekundu hafifu sana, viling'aa zambarau kwenye skrini, sawasawa na kile kijitaa cha kwenye ncha ya rimoti ya televisheni. Kipimo hicho hakikuambii nguvu ya mwanga, ila kinakuambia kwamba upo.

Mpango niliouchagua niliuazima kwa watafiti wa Korea Kusini ambao mwaka 2007 walichapisha matokeo ya watu 76 waliomulikwa nusu ya kulia tu ya uso, wengine kwa nanomita 633, wengine 830, wengine zote mbili, na wengine kwa taa ya kiigizo isiyo na tiba, ili kulinganisha. Nilikata kitambaa cheusi kizito, nikakishonea foili mgongoni na kukibandika ndani ya upande wa kushoto wa barakoa. Miwani ya kukinga macho niliivaa kila mara. Picha nilizipiga kwa simu iliyowekwa juu ya stuli ile ile, karibu na mlango wa jikoni, asubuhi, bila flashi, bila kutabasamu na kabla ya kupaka chochote. Hili la kutopaka ni muhimu kuliko linavyoonekana, maana mafuta kidogo tu hujaza vistari vyembamba kwa saa kadhaa, na mtu akaisifia taa kwa jambo lililofanywa na losheni.

Miezi ilipopita nilizichapisha picha, nikafuta tarehe na kumpa mwenzangu wa ofisini azipange kwa mfuatano. Za shavu la kushoto alizichanganya. Za kulia alikaribia sana kuzipatia, na alipoulizwa alikuwa akitazama nini alionyesha vistari vyembamba chini ya jicho, ambavyo vilikuwa vimekuwa vifupi na hafifu, na ngozi ya juu ya shavu iliyokuwa imelainika. Mkunjo mrefu utokao puani hadi pembe ya mdomo ulibaki ulivyokuwa. Weusi haukupungua, ingawa haukuongezeka, na kwangu hilo lilitosha kuendelea. Kuhusu infraredi yenyewe sina shauku kubwa: katika jaribio la Ujerumani la mwaka 2014 lenye watu 136, taa iliyofika hadi nanomita 850 haikuizidi ile ya mwanga mwekundu pekee, kwa hiyo sioni sababu ya kulipia bei ya juu kwa ajili ya neno hilo kwenye boksi.

Weusi ulianza kufifia baadaye, na taa haihusiki. Daktari aliniandikia krimu ya kukinga jua yenye rangi, kwa kuwa oksidi za chuma zilizomo huzuia pia mwanga unaoonekana, nami naipaka kila asubuhi hata mawingu yakiufunika mlima, kisha nikabandika utando angavu wa kuzuia urujuanimno kwenye dirisha la dereva. Nchini Australia watu wazima 903 walifuatiliwa kwa miaka minne na nusu, na waliopaka krimu ya jua kila siku walionekana na uzee wa ngozi pungufu kwa asilimia 24 kuliko waliopaka kwa kujisikia. Kama ningekuwa na fedha ya kitu kimoja tu, ningenunua krimu.

Siku hizi nimekiondoa kile kitambaa na kumulika pande zote mbili. Mwenzangu aliyezipanga picha ameniomba, "Dada, niazime hiyo barakoa hata wiki mbili tu," lakini anameza doksisaiklini kwa ajili ya chunusi, dawa inayojulikana kwa kuifanya ngozi idhurike na mwanga, na juu yake anapaka mkorogo ambao hata yeye hajui umechanganywa nini. Nimempa namba ya kliniki, na mpaka aonwe na daktari sitamwazima.