Kulifuata Bomba la Gesi hadi Msimbati

Saa kumi alfajiri foleni ya magari ya kujaza gesi asilia ilikuwa imeshakata kona. Ilikuwa Septemba 2024, na mdogo wangu, dereva wa teksi ya mtandao, alikuwa ameahidi kunifikisha Mbagala Rangi Tatu niwahi basi la Mtwara. Begi nilikuwa nimelipakata, maana mtungi umekula nusu ya buti. Nikamwambia atie petroli kidogo tuondoke.

"Kaka, petroli lita inapita elfu tatu, gesi kilo 1,550. Nikitembelea petroli leo, hesabu ya bosi naitoa wapi?"

Nikanyamaza. Mbele yetu kulikuwa na bajaji, teksi na malori, wengine wamelala na viti wamevilaza. Zamu yetu ilipofika tulishuka sote kama utaratibu unavyotaka, mhudumu akachomeka mpira, gesi ikaingia kwa mlio mwembamba kama wa birika linaloanza kuchemka. Dakika chache tu. Saa mbili na nusu zilikuwa zimekwenda kwenye kungoja, na basi la kwanza lilikuwa limeondoka.

Nilipanda la pili. Kutoka Mkuranga hadi Kibiti nilikaa dirishani natafuta vibao vya mkuza, yaani njia iliyotengwa kwa ajili ya bomba la gesi linalotoka Mtwara. Lina kipenyo cha inchi 36, na lilizinduliwa Oktoba 2015. Sisi tulikuwa tunashuka kusini, gesi inapanda Dar, kwenye mitambo ya umeme ya Kinyerezi, viwandani na kwenye foleni ile niliyoiacha.

Tulipovuka Rufiji kwenye Daraja la Mkapa, abiria wawili nyuma yangu walikuwa wanabishana. Mmoja anasema Bwawa la Julius Nyerere limeshaanza kuzalisha tangu Februari, megawati 2,115 likikamilika, gesi itatufaa nini tena? Nilitamani kugeuka nimwambie aje asubuhi moja akae na mdogo wangu kituoni. Kwa miaka mingi zaidi ya nusu ya umeme wetu imetoka kwenye gesi. Maji yakichukua sehemu ya mzigo huo, gesi inayobaki ina wateja tayari: viwanda, magari, majiko. Mahitaji hayaendi popote.

Somanga basi lilisimama, tukanunua pweza na samaki wa kukaanga. Hapo ndipo bomba la kutoka kisiwa cha Songo Songo linapotoka baharini. Gesi ya Songo Songo iligunduliwa 1974, ikaanza kutumika 2004. Miaka 30! Kila ninaposikia ahadi ya gesi huwa naikumbuka hesabu hiyo. Na leseni ya uzalishaji pale ilikuwa ifike ukomo Oktoba 2026, wakati foleni ndiyo kwanza zilikuwa zinarefuka.

Lindi nililala, asubuhi nikachukua bodaboda hadi Likong'o. Mikorosho, minazi, vichaka, na bahari ya buluu chini yake. Hapa zimetengwa zaidi ya hekta 2,000 kwa ajili ya kiwanda cha kusindika gesi iwe kimiminika. Gesi ikipozwa hadi nyuzi 162 chini ya sifuri inasinyaa mara 600, inapakiwa melini, inakwenda Asia au Ulaya. Tanzania imegundua futi za ujazo trilioni 57.54, na karibu trilioni 47 kati ya hizo ziko kwenye kina kirefu cha bahari. Kuzifikia ni gharama ambayo soko letu la ndani peke yake haliwezi kuirudisha, kwa hiyo mnunuzi wa nje tunamhitaji. Hilo nalikubali. Juni 2022 serikali na kampuni za kigeni zilitia saini makubaliano ya awali pale Dodoma. Kiwanda chenyewe sikukiona, maana hakijaanza kujengwa.

"Nilianza kukisikia niko darasa la tano," dereva wa bodaboda aliniambia. Sasa ana mke na mtoto.

Mtwara watu bado wanaikumbuka 2013, walivyopinga gesi kusafirishwa kwenda Dar, vurugu zikatokea na watu wakafa. Waliogopa kuachwa, na mimi siwalaumu kwa hofu hiyo. Nilipita Madimba, kwenye mitambo inayoisafisha gesi ya Mnazi Bay kabla haijaingia bombani, kisha nikaendelea hadi Msimbati, kwenye visima vyenyewe. Gesi hii iligunduliwa 1982.

Ng'ambo ya Ruvuma, Msumbiji wameshaanza kuuza nje. Shehena ya kwanza ya mtambo wao unaoelea, Coral Sul, iliondoka Novemba 2022 kwenda Ulaya. Lakini ule mradi mkubwa wa nchi kavu, Afungi, ulikuwa umesimama tangu mji wa jirani wa Palma uliposhambuliwa na waasi Machi 2021. Mzee mmoja pale Msimbati aliniambia, "Mwanangu, siku zile tulikuwa hatulali."

Mchana niliingia kwa mama lishe karibu na ufukwe. Alikuwa anapepea jiko la mkaa. Pembeni kulikuwa na mtungi wa gesi umefunikwa kanga.

"Umeisha huo," alisema. "Kuujaza hadi nipate hela, na dukani ni mbali. Hii si ndiyo gesi yetu ya hapa?"

Nikamweleza kwamba gesi ya mitungi ya kupikia ni ya aina nyingine, na inaletwa na meli kutoka nje. Ya hapa inapita bombani, na nyumba zilizounganishwa Mtwara na Lindi ni mia kadhaa tu.

Aliacha kupepea. "Inatoka nje?"

"Ndiyo, mama."

Akatazama upande wa visima, kisha akachota mkaa kwa mkono, akaongeza jikoni. Samaki wangu alikuwa bado hajaiva.