Akishinda tenda kwa bei poa, mpe miaka miwili

Wikiendi nzima nimeimalizia kwenye hukumu moja ndefu ya usuluhishi, ile kesi ya Biwater na Tanzania, na nimetoka nimebadili mawazo kidogo kuhusu haya mambo ya PPP, yaani ubia wa serikali na sekta binafsi. Zamani mi nlikuwa nabishana kama watu wengi tu, huyu anasema sekta binafsi ni wanyonyaji, yule anasema serikali haiwezi kuendesha hata choo cha stendi, basi tunakesha. Siku hizi nikisikia mradi wa ubia naulizia kitu kimoja: wakishasaini, refa ni nani?

Kwa asiyeijua hiyo kesi. Mwaka 2003 kampuni ya City Water, ambayo nyuma yake walikuwepo Biwater ya Uingereza, Gauff ya Ujerumani na Superdoll ya Tanzania, ilipewa kuendesha huduma ya maji Dar es Salaam kwa mkataba wa miaka 10. Kwenye tenda ilibaki yenyewe peke yake, yaani mashindano ya mbio yenye mkimbiaji mmoja. Wakaanza kazi Agosti 2003, makusanyo ya bili yakawa hayafiki walipopiga hesabu, wakaomba bei na masharti yaangaliwe upya, mazungumzo yakakwama, Mei 2005 serikali ikatangaza mbele ya waandishi kwamba mkataba basi, na Juni mosi ofisi zikachukuliwa na mameneja wa kigeni wakatimuliwa nchini. Hata miaka miwili ya kazi haikutimia!

Sasa kilichonikaa kichwani ni hiki. Sheria ya kuanzisha EWURA, mdhibiti wa nishati na maji, ilipitishwa 2001 lakini chombo chenyewe kikaanza kazi 2006. Angalia hizo tarehe vizuri. Mkataba umekuja, umegombaniwa, umevunjika, na refa bado hajavaa hata viatu. Kwa hiyo kampuni ilipolia kwamba bei haitoshi na serikali ikasema nyie ndo hamfanyi kazi, hapakuwa na mdhibiti mwenye mamlaka ya kufungua vitabu na kusema fulani ana haki hapa, fulani anadanganya pale. Vikabaki vikao, na vikao vikishindwa inabaki nguvu.

Halafu hukumu ya 2008 yenyewe inachekesha kidogo. Wasuluhishi wakasema serikali ilikiuka mkataba wa kulinda wawekezaji, namna ilivyotangaza na ilivyoingia ofisini, ila fidia ni sifuri kwa sababu kampuni ilikuwa imeshajifia kifedha kabla, thamani yake hakuna. Umeonewa, ila hukuwa na kitu cha kupoteza.

Msidhani ni mambo ya maji ya Dar tu. José Luis Guasch wa Benki ya Dunia alichapisha utafiti 2004, alichambua mikataba zaidi ya 1,000 ya Amerika ya Kusini na Karibiani, akakuta kama asilimia 30 ilirudishwa mezani kujadiliwa upya, na ukiitoa sekta ya simu inapita 40. Kwenye maji peke yake ilikuwa asilimia 74! Na kwa wastani ilichukua miaka 2.2 tu tangu tenda itolewe. Mkataba wa miaka 20 au 30 unafumuliwa wakati mtoto aliyezaliwa siku ya kusaini ndo kwanza anaachishwa ziwa.

Na ukikaa ukafikiria, mbona inaeleweka. Siku ya tenda mko watano mnagombania, unataja bei ya kutupa ili ushinde, baada ya hapo wale wanne wameshaenda zao na mmebaki wawili mezani, wewe na serikali ambayo imeshakata utepe, imeshapiga picha, na maji ikishayavulia nguo sharti iyaoge. Hapo ndo unaanza kukohoa, mara mafuta yamepanda, mara wateja ni wachache. Wengine wanakohoa kweli, sikatai, wengine walijua toka mwanzo.

Mexico walijichongea wenyewe. Kwenye barabara za kulipia za mwishoni mwa miaka ya 80 na mwanzoni mwa 90 mshindi alikuwa anayeomba miaka michache zaidi ya kukaa nayo, sasa ukipewa miaka michache utarudishaje hela yako kama sio kupandisha tozo, malori yakabaki barabara ya zamani ya bure, ikaja kuporomoka kwa peso, 1997 serikali ikabeba miradi 23 kati ya 52 na madeni yake.

Chile 1998 kwenye barabara ya Santiago kwenda Valparaíso wakageuza kichwa chini. Badala ya kuuliza unataka miaka mingapi wakauliza unataka kukusanya jumla ya tozo kiasi gani, kwa thamani ya leo, anayetaja kidogo anashinda na mkataba unaisha siku hiyo jumla ikitimia. Magari yakiwa machache unakaa muda mrefu, yakiwa mengi unaondoka mapema. Ile sababu ya kurudi mezani kulia "magari hayapiti" imekufa hapohapo. Mi hii naipenda sana kwa sababu inakubali kwamba hakuna anayejua magari mangapi yatapita miaka 15 mbele, wakati sehemu nyingi mshauri analipwa pesa ndefu kuchora grafu inayopanda tu na wote tunajifanya tumeamini.

Ila kwenye umeme na maji huo ujanja haukubali kirahisi, gharama za kila siku ni kubwa mno, huko unarudi kwa refa tu. Na refa anayeweza kufukuzwa kwa simu moja ya waziri mi simhesabu, wala yule ambaye haruhusiwi kuona hesabu za mwekezaji.

Sasa nimepakua mkataba mwingine, eti umewekwa wazi kwa umma. Nimekimbilia kiambatanisho cha bei. Kurasa zote zimefunikwa wino mweusi.