Siku yangu moja jeshini: kutafuta taa za angani zilikuwa nini

Watu wakisikia kazi yangu ni kuchunguza taa zinazoonekana angani usiku wanadhani nashinda na siri za viumbe wa sayari zingine. Mi nashinda na saa na dira. Ngoja niwape siku ya juzi.

Saa moja asubuhi, ripoti za usiku zipo tatu. Mbili nimezimaliza kabla chai haijapoa. Moja Zuhura, iko chini magharibi, na ukiikodolea macho muda mrefu gizani jicho lenyewe linaanza kuiona inacheza. Nyingine ndege inayokuja kutua, maana ikikuelekea uso kwa uso taa yake unaiona kama imesimama palepale.

Saa mbili naishika ya tatu, na siku yote ikaishia hapo.

Askari wa lindo, kijana bado, amerekodi nukta nyeupe zimejipanga mstari zinapanda kutoka magharibi, halafu zinazimika mojamoja, zote pale pale juu, kama kuna mtu anabonyeza swichi. Mi nilivyoona tu nikasema setilaiti, zile za intaneti za Starlink, tangu Mei 2019 kampuni ya SpaceX waliporusha 60 kwa mpigo ripoti za namna hii haziishi. Haziwaki zenyewe, zinaakisi jua, zikiingia kwenye kivuli cha dunia zinapotea. Lakini kamera inasema saa mbili na dakika kumi usiku, na muda huo hakuna mstari wowote uliopita pale. Natafuta ndege, hakuna. Rada, haina kitu.

Saa nne mkuu wa kambi anapiga. Anataka jibu. Saa nne na nusu anapiga tena, "Afande niandike droni?" Namwambia bado afande. Saa tano tena, sasa amekasirika, anasema huyo kijana labda alisinzia akaota, na wenzake wameshaanza kumwita mganga. Hapo mi roho iliniuma. Kijana kaona kitu, kakirekodi, karipoti kama alivyofundishwa, leo anachekwa, kesho akiona droni ya kweli atanyamaza, sasa kambi inalindwa na nani?

Chakula cha mchana sikumbuki kama nilikula. Niliirudia ile video mpaka macho yakawasha, na simu inaita, na inaita. Jioni jioni hivi ndo nikaona kitu nilichokuwa nakipita siku nzima: kwenye kona ya chini kushoto taa za lori zinapiga ukuta wa geti mara moja tu. Nikaomba daftari la getini. Wakanitumia picha, mwandiko wa kalamu, lori limeingia saa moja na dakika 23. Kamera ilikuwa mbele dakika 47! Nikarudi kwenye mahesabu ya njia za setilaiti, saa moja na dakika 23, mstari huo hapo, mwelekeo uleule, na kivuli kinaanzia palepale zinapozimika.

Sio zote zinaisha hivi. Mradi wa Blue Book wa jeshi la anga la Marekani, uliochunguza ripoti kama hizi na ukafungwa 1969, ulikuwa na ripoti 12,618 na 701 zilibaki bila jibu. Na sisi tunalo faili la hizo, nyingi hazina saa, hazina uelekeo, sasa utazipima na nini.

Mkuu akasema, "Kumbe setilaiti tu." Hiyo "tu" nilikaa masaa kumi naitafuta.

Nikaomba niongee na kijana mwenyewe. Nikamwambia uliona kweli, na kwenye ripoti nimeandika umefanya kazi yako sawasawa. Akanyamaza kidogo, halafu akauliza, "Afande, zitapita tena lini?" Nikamtajia, kesho yake magharibi. Akasema atakuwa lindoni, na saa ya kamera ameshairekebisha.