Taa ya oili kwenye Hilux 3L: geji ilivyonipeleka kwenye sampu badala ya pampu

Taa ya oili ya pikapu hii, yenye injini ya dizeli aina ya 3L, haikuwaka asubuhi wala mjini. Iliwaka ikipanda mlima wa Kawetire, Mbeya, na mzigo wa Chunya. Ukizima injini dakika kumi kisha ukawasha, taa inakaa kimya kilomita mbili tatu, halafu inarudi. Jibu lilikuwa ndani ya tabia hiyo, ila nilichelewa kulisoma.

Nilianza na yasiyo na gharama. Gari kwenye tambarare, injini imezimwa dakika tano, stiki ikafutwa na kuchomekwa tena: oili iko kati ya alama mbili. Nikaidondoshea tone kwenye karatasi na kuinusa. Ingekuwa inanuka dizeli, au kina kinapanda chenyewe, maana yake dizeli inavuja kuingia kwenye oili na kuifanya nyepesi. Hapo unashughulika na mfumo wa dizeli kwanza. Yangu ilikuwa safi.

Usiamini taa peke yake. Swichi ya oili huchoka, waya wake hugusa bodi, na hata ikiwa nzima huwasha taa pale presha inapokuwa karibu imekwisha. Niliifungua pale ubavuni mwa bloku nikafunga geji ya mkono ya PSI (kipimo cha presha) 0 hadi 100. Angalia uzi wa kiungio: Toyota hutumia 1/8 BSPT, uzi wa Kiingereza, nyuzi 28 kwa inchi. Kile cha NPT, uzi wa Kimarekani, kina nyuzi 27. Kinaingia mizunguko miwili, kinakaza, na ukilazimisha unaharibu bloku. Mpira wa geji ufunge mbali na egzosi na feni.

Mbeya ya Juni ina mtego wake. Alfajiri oili ni nzito kama uji, geji inasoma 60 na kila mtu anafurahi. Kipimo cha kweli ni cha moto. Geji ya joto la maji kufika katikati haitoshi, maana oili hupata joto taratibu kuliko maji. Nilipanda Uyole hadi Isyonje na kurudi, ndipo nikapima. Sailensa (injini inaunguruma bila kukanyaga mafuta): PSI 12. Kwenye mizunguko 2,000 kwa dakika: 30. Kwenye 3,000: sindano ikaanza kutetemeka, ikashuka hadi 18. Dashibodi haina geji ya mizunguko, kwa hiyo tulitumia ya mwanga, na kipande cha karatasi inayong'aa kwenye kapi la krenki.

Kwa injini hizi sailensa ya moto inatakiwa isipungue PSI 4 hivi, na kwenye 3,000 iwe 36 kwenda juu. Sailensa yangu ilikuwa nzuri. Kasoro ilikuwa juu. Beringi za krenki zilizolika hufanya kinyume: sailensa chini sana, ukipiga resi inapanda, kwa sababu pampu inazidi kile kinachovuja. Valvu ya presha iliyong'ang'ania wazi hukupa presha ndogo kila mahali. Inayopanda kisha ikaanguka resi zikizidi ni pampu inayokosa oili ya kuvuta. Kuna kitu kinaziba chujio, ule wavu wa mdomo wa pampu ndani ya sampu (bakuli la oili chini ya injini), na injini ikizimwa kinadondoka chini. Ndiyo zile dakika kumi.

Dukani Mwanjelwa niliambiwa, “Kaka, weka oili nzito, namba 50, itatulia.” Sindano ingepanda kweli kwenye sailensa. Lakini oili nzito inapita kwa shida zaidi kwenye chujio lililoziba, hasa kwenye baridi hii, na beringi ndizo zinazolipa. Kusuuza injini kwa dizeli nako sikukubali: uchafu uliolala unabanduka wote kwa pamoja na kwenda palepale kwenye chujio.

Kutoa sampu: toa kwanza kava la feni, ama sivyo feni itakula rejeta. Mwaga oili, fungua mauntini (vikalio) mbili za injini, inyanyue sentimita kama tano kwa winchi, kisha bolti za sampu. Usipige bisibisi kwenye ukingo. Chuma chembamba kinapinda na hakizibi tena. Tumia kisu chembamba, zunguka taratibu.

Chujio lilikuwa limevaa vipande vya silikoni ya gasketi, vyekundu, laini, kimoja kirefu kama kidole changu. Zaidi ya nusu ya wavu haikuonekana. Aliyefunga sampu mara ya mwisho alipaka tyubu nzima. Ziada ikajikamua kwa ndani, ikakatika.

Kwa kuwa injini ilishakimbia na presha ndogo, nilifungua kofia za konrodi (mikono inayounganisha pistoni na krenki) moja moja, kila moja na alama yake ili zisichanganyike. Beringi za mbili zilikuwa zimelika hadi kuonyesha shaba. Nikapima nafasi kati ya beringi na krenki kwa uzi wa plastiki: unaulaza kwenye jino la krenki, pale konrodi inaposhika, unakaza kofia kwa nguvu iliyoandikwa kwenye kitabu cha injini bila kuzungusha krenki, unafungua na kulinganisha upana wake na karatasi yake. Nafasi ikifika 0.10 mm, beringi imekwisha. Krenki haikuwa na mikwaruzo, nikaweka seti mpya ya saizi ya kawaida.

Chujio lilioshwa kwa petroli na kupulizwa hewa kutoka ndani kwenda nje, na gasketi ya bomba lake ni mpya. Ikivuta hewa, sindano itatetemeka vilevile. Silikoni kwenye sampu: mstari wa milimita 3 hadi 5, upande wa ndani wa matundu ya bolti, ufunge ndani ya dakika tano. Niliiacha ilale usiku mmoja kabla ya kumimina oili, 15W-40, na filta mpya.

Usiwashe moja kwa moja. Nilichomoa waya wa kuzimia kwenye pampu ya dizeli, nikapiga stata sekunde kumi mara tatu, na mapumziko katikati, hadi geji ikaamka. Baada ya Isyonje: sailensa 20, mizunguko 3,000 inasoma 52, sindano imetulia.

Kwenye kilomita 500 nilimwaga oili na kupasua filta kwa kisu cha kukatia makopo, si msumeno, kwa sababu unga wa msumeno utaudhania ni wa injini. Kwenye mikunjo ya karatasi kulikuwa na vipande viwili vidogo vyekundu. Sumaku haikunasa kitu.